Ramli kwa Jina la Yesu

Nilikuwa mkalimani. Kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa kichaka changu cha kujifichia: mimi sikusema, nilitafsiri tu.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2013. Mtama na uwele vilikuwa vimeshaingia ndani, na upepo wa kiangazi ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka unalisikia kwenye meno. Huduma niliyokuwa nikisali nayo hapa Dodoma mjini iliandaa mkutano wa injili wa siku nne katika kijiji kimoja upande wa Kongwa, kijiji alikozaliwa mama yangu. Mtumishi aliyehubiri alikuwa mtu wa mjini, Kigogo hakijui. Wazee wa pale Kiswahili cha sokoni wanakielewa vizuri, ila Kiswahili cha mahubiri, chenye madhabahu na maagano na vifungo vya ukoo, kinawapita juu. Nikapewa kipaza sauti cha pili. Nilikuwa na miaka 24, na moyoni nilijua kwamba Mungu ananitumia.

Siku ya tatu alipita mbele mama mmoja aliyekuwa amezika watoto watatu. Hakulia. Alisimama tu, mikono imeshika pande mbili za kanga. Mtumishi akafumba macho, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaanza: anamwona mwanamke mzee. Macho yake mekundu. Anakaa upande wa jua linakozama, ukitokea nyumbani kwa huyu mama. Kuna kitu anakifunga kwenye pindo la nguo yake. Halafu akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 18 na kusoma ile orodha ya machukizo, akakazia pale penye "mtu alogaye kwa kupiga mafundo".

Nikatafsiri yote. Palipokuja neno mchawi nikasema muhawi, na neno hilo kwa Kigogo halisemwi kwa mzaha. Watu hawakugeuka kutafuta ni nani. Walikuwa wanajua. Alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake, mdogo wake bibi mzaa mama, ambaye kwa desturi yetu ni bibi yangu kamili. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Vijana wakamleta mbele. Wahudumu wakafungua fundo la kanga yake, wakatoa kifuko cha nailoni kilichoviringwa, wakakitupa motoni bila kukifungua, pamoja na hirizi na tunguri zilizoletwa na watu wengine. Bibi hakupiga kelele. Alinitazama mimi, kwa sababu pale mbele mimi ndiye niliyekuwa wa lugha yake, akasema sentensi moja: "Mjukuu wangu, waambie hicho ni cha macho."

Sikuitafsiri. Siku nne nilitafsiri kila neno lililosemwa pale, pamoja na matangazo ya chakula na onyo kwa wenye baiskeli, isipokuwa sentensi hiyo.

Usiku mawe yalirushwa kwenye tembe lake. Paa la tembe ni udongo, kwa hiyo mawe hayapigi kelele kama kwenye bati, yanaanguka kwa kishindo kizito kama mtu anayeshindilia kaburi. Mbuzi wake wawili walikatwakatwa. Kabla hapajapambazuka aliondoka kwa miguu na mjukuu mmoja, wakadandia lori mpaka Kibaigwa kwa binti yake. Hakuuawa. Naandika hivyo nikijua kwamba katika nchi hii, kutoka Shinyanga na Mwanza hadi kwetu huku kati, wako bibi wengi ambao hawakupata hata nafasi ya kudandia lori, na kosa lao lilikuwa hayo hayo macho mekundu, ambayo watu huyahesabu kuwa ya mchawi.

Asubuhi watoto walikuwa wakichokoachokoa majivu. Wakaokota kibano, kile kidogo cha chuma cha kung'olea vinyweleo. Mjomba wangu akaniletea mkononi, bado kina joto, akaniuliza, "Hiki ndicho kilichoua watoto?"

Wataalamu wa macho duniani wanaijua Kongwa. Tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakija kuchunguza trakoma, ambayo watu wengi wanaiita vikope. Ni ugonjwa wa bakteria. Unakwenda kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye macho ya watoto mahali penye ng'ombe wengi na maji machache. Mtoto akiupata mara moja na kutibiwa, hausumbui. Lakini ukirudi na kurudi miaka yote ya utoto na ujana, upande wa ndani wa kope hupata makovu, makovu hukaza, na ukingo wa kope hukunjika kuelekea ndani. Hapo nywele za kope huanza kukwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, na mwishowe linaweza kupofuka kabisa. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaolea watoto, na mtoto humrudishia mama, halafu bibi, maambukizi yale yale. Ongeza moshi wa jiko la kuni ndani ya tembe lisilo na dirisha, na utaelewa kwa nini katika kijiji kama kile, kumwona "mwanamke mzee mwenye macho mekundu" hakuhitaji ufunuo wowote. Angesema mwanamke mzee mwenye mikono miwili ingekuwa sawa tu.

Bibi alikuwa aking'oa nywele hizo mwenyewe kwa kibano, kila baada ya siku kadhaa, akikaa mlangoni kwenye mwanga. Kile kifuko kilikuwa na kibano na tyubu ya mafuta ya tetrasaiklini aliyopewa zahanati.

Kabla sijaendelea, niseme ninaposimama. Wako watakaosoma hadi hapa wakadhani naelekea kuandika kwamba mapepo ni hadithi na maombi ya ukombozi ni ujinga. Siamini hivyo. Naamini Marko sura ya 5 kama ilivyoandikwa, yule mtu aliyekaa makaburini, aliyevunja minyororo, ambaye mwisho wa habari wanamkuta "ameketi, amevaa nguo, ana akili zake". Nimeona watu wakifunguliwa. Mmojawapo alikuwa mganga.

Huyu mzee alikuwa jirani yetu Chang'ombe ya hapa Dodoma. Aliagua kwa zaidi ya miaka 20, na watu walimfuata kutoka Singida na Morogoro. Alipookoka alileta vyombo vyake vyote kanisani, tunguri, kibuyu, pembe, kioo, akavichoma mwenyewe, kama wale wa Efeso katika Matendo 19 waliochoma vitabu vya uganga vya thamani ya fedha hamsini elfu. Alikuwa mtu wa kutisha, akawa mpole kama maji ya mtungini, na mpaka alipofariki ndiye aliyefagia kanisa kila Jumamosi. Kama hiyo si nguvu ya Mungu, mimi sijui niiite nini.

Mzee huyo ndiye aliyenifungua macho, bila kukusudia. Miezi michache baada ya mkutano wa Kongwa nilimuuliza alikuwa anajuaje jina la mchawi. Akaniambia: mteja haji kuuliza jina, anakuja nalo. Kazi yangu ilikuwa kumtolea. Namuuliza, unaumwa wewe au mali yako? Kuna mtu mmegombana? Ni wa damu au wa jirani? Mwanamke au mwanaume? Ni mtu mzima? Anakaa upande gani? Kila nikiuliza natazama uso wake. Uso ukishtuka, nakaza pale pale. Mwisho naeleza sura ya mtu bila kutaja jina, na jina analitaja yeye mwenyewe, halafu anakwenda kutangaza kwamba mganga ni mkali, ameona kila kitu.

Nilikaa kimya. Mwanamke mzee. Macho mekundu. Upande wa jua linakozama. Nilikuwa nimeyatafsiri maswali hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, na mwisho wake tukasema amina.

Toka hapo nilianza kusoma ile orodha ya Kumbukumbu la Torati upya. Tunapoisoma kwenye mikutano tunaruka mpaka kwenye "mchawi", kana kwamba mengine ni mapambo. Lakini anayetajwa kwanza, baada ya yule ampitishaye mwanawe kati ya moto, ni "mtu atazamaye bao". Mpiga ramli na mchawi wamo katika orodha moja na hukumu moja. Mfalme Sauli aliwafukuza wenye pepo wa utambuzi katika nchi, kisha alipobanwa akajibadilisha mavazi akaenda usiku En-dori kwa mwanamke mwenye pepo hao. Kosa lake hasa halikuwa kupenda uchawi. Alitaka kujua. Mungu amenyamaza, na yeye hawezi kukaa na ukimya huo.

Maombi ya ukombozi yanaponiuliza "unaumwa nini" na kuniombea, hayo ni maombi. Yanapogeuka kuuliza "ni nani aliyekufanyia hivi", yametoka kwenye mikono ya Kristo na kurudi kwenye kibuyu. Hata kama mafuta ni ya upako. Hata kama tumeanza kwa wimbo wa damu ya Yesu. Nimewahi kuambiwa na watumishi ninaowaheshimu kwamba nazidisha, kwamba karama ya maono ipo. Ipo. Lakini nitafutie mahali katika Injili ambapo Yesu alimwambia mgonjwa jina la jirani aliyemloga. Pale kwa Wagerasi aliuliza jina la pepo, "Jina lako nani?", akajibiwa Legioni. Hakuuliza nani amemtuma. Na Marko 1:34 inasema alitoa pepo wengi, "wala hakuwaacha pepo kunena". Sisi tunafanya kinyume. Binti anaanguka, anaanza kuongea kwa sauti nzito, na tunamsogezea kipaza sauti: sema, umetumwa na nani? Pepo anataja mama mkwe, shangazi, bibi wa nyumba ya pili, na kanisa zima linaamini. Shahidi wetu ni wa Ibilisi, yule ambaye Yesu alimwita mwongo na baba wa huo uongo. Torati yenyewe iliyosema "Usimwache mwanamke mchawi kuishi" ilidai pia mashahidi wawili au watatu kwa kila neno, na ilikataza kumshuhudia jirani uongo. Mstari wa kwanza tumeukariri, hiyo mingine hatuihubiri.

Naelewa jinsi tulivyofika hapa. Wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Waanglikana, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na baadaye Mvumi na kwingine, wakaleta shule na hospitali ambazo zimeokoa maisha yetu, na sina neno baya la kusema juu yao. Lakini babu zetu walipouliza kuhusu uchawi, jibu walilopewa mara nyingi lilikuwa kwamba huo ni ushirikina, uacheni. Mtu aliyelala na hofu hakusaidiwa. Akawa anakwenda kanisani mchana na kwa mganga usiku, na wote wawili walijua. Walipokuja wahubiri wa ukombozi wakasema "hofu yako ni ya kweli, na Yesu ana nguvu kuliko hiyo", ilikuwa kama mvua. Mimi mwenyewe nilitoka Anglikana kuifuata mvua hiyo. Hesabu 23:23, hapana uchawi juu ya Yakobo, tuliimba mkesha mzima mpaka sauti zikakauka. Kilichoniuma baadaye ni kwamba tuliuimba mstari huo na bado tukaendelea kuwaogopa bibi zetu.

Habari ya fedha sitaimaliza hapa, wengi wameshaandika. Tuliona mwaka 2011 jinsi maelfu walivyopanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wagonjwa wengine wakafia njiani. Tuliona Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 wakikanyagana hadi kufa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Yesu aliwaambia waliotumwa kutoa pepo, "mmepata bure, toeni bure", na maneno hayo yako katika Mathayo 10:8, mstari ule ule wa kutoa pepo, si sura ya mbali.

Nirudi kijijini. Nilimwomba kiongozi wa huduma yetu turudi tukalisafishe jina la bibi. Nikamwonyesha kibano. Akaniambia Roho Mtakatifu hakosei, na kwamba kama nina mashaka nikafunge siku tatu. Nilifunga. Siku ya nne nilipanda gari la Kongwa peke yangu.

Nilikwenda kwa mchungaji wa kanisa la pale, mzee wa Kianglikana ambaye tulimdharau wakati wa mkutano wetu kwa sababu kanisa lake "halina moto". Alikuwa na njia yake ya kuombea watu. Akiletewa mtu anayeanguka, kwanza anauliza amekula nini, amelala saa ngapi, anameza dawa gani, na kama ana kadi ya kliniki. Alikuwa na kijana mmoja wa kifafa ambaye huduma nyingine ilimwachisha dawa kwa imani akaanguka kwenye moto wa jikoni. Mchungaji alimrudisha hospitali, na kila Jumapili baada ya ibada anamwekea mikono, kisha anamwambia atoe kopo la dawa waangalie zimebaki ngapi. Kuna waliofika mpaka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini, akiwa amewasindikiza yeye. Wakatoliki nao wameweka kizuizi cha namna hiyo katika kanuni ya 1172 ya sheria za Kanisa lao: padre hafanyi ibada ya kumtoa pepo mtu aliyepagawa bila ruhusa ya wazi ya askofu, na askofu asimpe ila padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Zamani niliona huo ni urasimu wa watu wasio na nguvu. Sasa naona ni uzio wa kumlinda aliyelala chini.

Mchungaji alinisikiliza, akaniambia, "Uliyasema mbele ya watu, utayarudisha mbele ya watu." Aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, haimgusi mchawi peke yake, hata kumtaja mtu kwamba ni mchawi ni kosa. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimefanya jinai kwenye kipaza sauti.

Jumapili ile nilisimama mbele ya watu nikaeleza, kwa Kigogo kisha kwa Kiswahili. Nikasema bibi alinipa maneno ya kuwaambieni na sikuyasema, na maneno yenyewe ni haya: hicho ni cha macho. Nikainua kibano. Wengine walitazama chini. Mzee mmoja akatoka nje na kufunga mlango kwa nguvu.

Yule mama wa watoto watatu alinisubiri chini ya mbuyu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za malaria na degedege, kwa sababu nilishaambiwa wawili walikufa kwa homa msimu wa mvua, barabara ikiwa tope, wakielekea hospitali kwa baiskeli. Akanikata. "Malaria naijua. Wote walipimwa. Mbu yuko nyumba zote. Nataka kujua kwa nini kwangu mara tatu."

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Mganga angempa. Mtumishi wetu alimpa. Nilichokuwa nacho ni Yohana 9 tu, wanafunzi wanapomwona kipofu na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa majina yote mawili. Hawapi jina la tatu. Anatema mate chini, anafanya tope, anampaka yule mtu machoni, anamwambia aende akanawe. Nilimsomea pale chini ya mbuyu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo aliponywa. Wangu wamekufa." Tukakaa. Baada ya muda mrefu akaniuliza bibi anakaa wapi Kibaigwa, kwa sababu alikuwa ana mtama wa kumpelekea.

Mimi nilichelewa kuliko yeye. Nilipata ujasiri mwaka 2015. Bibi alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kope zote mbili, upasuaji mfupi tu, unachanja na kugeuza ukingo wa kope utazame nje. Nyumba ya binti yake haiko mbali na soko la mahindi, malori yanapita mchana kutwa. Nilimkuta amekaa kizingitini. Nikapiga magoti, nikasema mbukwenyi, kisha shikamoo, kisha nikashindwa kuendelea.

Hakunisaidia kusema. Alingoja mpaka nikamaliza yote, pamoja na ile sentensi. Kisha akaniuliza kama macho yangu bado yanaona vitu vya karibu. Nikasema ndiyo. Akafungua pindo la kanga, akatoa kibano kipya, akanipa. Nywele hurudi kwa baadhi ya watu hata baada ya upasuaji, na binti yake hakuwa na mkono mtulivu.

Nilimshika kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango. Nikang'oa mmoja. Machozi yakamtoka, ya maumivu ya unywele tu. Akasema kwa Kigogo, bado mwingine, huo wa upande wa pua.